Maneno Kumi na Mawili Chini ya Kigoda cha Mzee Kioko

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, malori ya makontena yanapoanza kunguruma upande wa bandarini, Matthew Kioko anainama juu ya safu ya twiga waliochongwa kwa mti wa mwarobaini na kuwapindua mmoja mmoja. Anatazama kitako cha kila twiga, anakipapasa kwa kiganja, kisha anamrudisha mahali pake. Twiga ni thelathini na wanne. Hamruki hata mmoja.

"Mzee, leo umetuandikia nini huko chini?" Sauti inatoka nyuma ya rundo la magogo. Ni ya Tinga, mchongaji mwenzake, ambaye haachi siku ipite bila kulirusha jiwe hilo.

Kioko anaendelea na twiga wake. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na ameshika tezo tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Anamaliza safu, anajifuta vumbi la mbao kwenye nyusi, kisha anaketi juu ya debe la rangi lililopinduliwa.

Kigoda chake kipo, lakini hakikaliwi tena. Kimetundikwa kwenye msumari mlangoni pa banda, miguu yake mitatu ikiwaelekea wanaoingia. Katikati ya miguu hiyo yamechongwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa herufi safi zilizonyooka, mistari minne ya maneno matatu matatu.

Maneno hayo yalikuwa ufunguo wa akiba ya watu kumi na wanne. Leo ni ufunguo wa nyumba tupu.

Kikundi cha Tezo Moja hufanyia kazi katika kiwanja kidogo cha Changamwe, kati ya ukuta wa ghala na kichochoro cha wauza makaa. Kiwanja ni mali ya Bi. Mwanarehema, mjane anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Kwa miaka kumi na tisa wachongaji wamemlipa kodi bila ugomvi. Mwaka juzi aliwaita, akawaambia kwamba wanawe wanataka kiwanja kiuzwe, na kwamba yeye angependa kuwauzia wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Niliwaambia, nyie ndio mliokitia baraka kiwanja hiki," anasema Bi. Mwanarehema. "Nileteeni milioni moja na nusu ya mwanzo kabla mwaka unaofuata haujakwisha, zilizobaki tutakwenda nazo polepole, inshallah."

Hivyo basi wachongaji walianza kuweka akiba. Nusu ya mapato ya kila mwanachama ilikwenda kwenye kiwanja. Kwa Kioko, ambaye mwezi mzuri humletea shilingi elfu kumi na nane, hilo lilikuwa na maana ya kuacha nyama, kuacha gazeti, na kwenda kazini kwa miguu kutoka Mikindani.

Wateja wengi wa kikundi siku hizi hawafiki Mombasa. Huona picha kwenye ukurasa wa kikundi mtandaoni, huagiza kutoka Kanada na Polandi, na vinyago huwafuata. Malipo yao yalikuwa yakichelewa njiani na kupungua kila yalipopita.

"Ukituma vinyago vya elfu ishirini, unapokea elfu kumi na sita na barua ya kukueleza zile nne zilikokwenda," anasema Kioko.

Mteja mmoja ndiye aliyependekeza dola za kidijitali, zile zinazosafiri kwa mfumo wa blokcheni. Mfumo huo ni mfano wa daftari la hadhara linaloandikwa na kompyuta nyingi duniani. Kila mtu anaweza kulisoma, na hakuna anayeweza kulifuta. Kikundi kilifungua pochi katika simu, yaani programu ya kupokelea dola hizo na kuwekea akiba ya kiwanja, nayo ikawapa maneno kumi na mawili pamoja na onyo. Yaandikeni. Msiyahifadhi kwenye simu. Msiyapige picha. Atakayeyapata maneno hayo, awe nani na awe wapi, ndiye mwenye mali. Hakuna benki ya kupigia simu wala karani wa kumlilia.

Wanachama walimkabidhi Kioko maneno hayo.

"Hatukupiga hata kura," anasema Dama Kaviha, mwenyekiti wa kikundi, ambaye amepiga msasa vinyago vya wenzake kwa miaka ishirini na miwili. "Huyu ukisahau shilingi hamsini mezani pake, atakufuata nazo hadi stendi. Tungemtafuta nani mwingine?"

Kioko alilichukulia onyo lile kwa uzito wote. Aliwahi kuibiwa simu kwenye foleni ya feri ya Likoni, kwa hiyo simu hakuiamini. Aliwahi kukikuta cheti chake cha ubatizo kimetafunwa na mende hadi likabaki jina la padri, kwa hiyo karatasi nayo hakuiamini. Alilifikiria jambo hilo kwa siku mbili, kisha akalitatua kama mchongaji. Alichukua kigoda chake cha mhugu, akakigeuza, akachukua patasi nyembamba, akachonga.

"Kwetu Makueni kigoda cha baba hakikaliwi na mtoto, wala hakichezewi," anaeleza. "Na mhugu hauliwi na mchwa. Nikajiambia, benki gani itashinda hiyo? Akiba iko chini yangu mwenyewe, na mwizi atabidi aninyanyue kwanza."

Kwa miezi kumi na sita alikalia akiba ya wenzake, na hakuna aliyejua iliko. Ilikua hadi dola elfu kumi na moja na mia sita arubaini, yaani shilingi milioni moja na nusu. Walikuwa wamefika. Kilichobaki kilikuwa kuandikiana na Bi. Mwanarehema mbele ya wakili.

Kisha Agosti iliyopita kaka yake Kioko akafariki, naye akaenda Makueni kuzika. Alikaa huko siku tisa.

Nyuma alimwacha Faith, bintiye mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, ambaye ndiye mpiga picha wa kikundi. Siku ya pili, mteja wa Polandi aliandika akitaka kuona kigoda cha kienyeji kilichotumika, chenye alama za miaka, ili aagize vingi vya mfano huo. Faith alitazama huku na huku bandani. Kigoda kilichotumika kilikuwa kimoja tu.

Hakukikalia. Alikiweka juu ya kitambaa cheusi, akakipiga picha mbele, nyuma, kushoto, kulia na juu. Halafu akakipindua, akapiga picha ya sita.

Picha ya sita ni sheria ya kikundi, na aliyeitunga ni Kioko mwenyewe. Katika biashara ya vinyago, mchongaji mdanganyifu huficha nyufa za chini kwa unga wa mbao na rangi ya viatu. Mnunuzi aliyeumwa mara moja hauamini tena uso wa kinyago, hukiamini kitako chake. Kioko alimfundisha bintiye hivyo tangu siku ya kwanza aliposhika kamera: picha sita, na ya mwisho ni ya kitako. Mafunzo mawili ya baba mmoja yaligongana siku hiyo, na la biashara likashinda.

"Maneno niliyaona," anasema Faith, akizungumza kwa sauti ya chini huku akichomoa nyuzi katika pindo la leso. "Sikuyashangaa. Wateja hutuagiza majina kila siku. Kuna Mzungu alitaka vigoda sita vyenye majina ya mbwa wake. Nikadhani ni oda ya mtu."

Akaziweka picha zote sita kwenye ukurasa wa kikundi. Mteja wa Polandi akazipenda.

Kioko alirudi kutoka mazishini siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi alifungua pochi ili amwonyeshe Dama Kaviha hesabu kabla ya kwenda kwa wakili. Ilisoma sifuri.

"Nilidhani mtandao umekatika," anasema. "Nikaizima simu, nikaiwasha. Nikaizima tena. Dama akaniuliza, 'Baba Faith, mbona unaizimazima simu?' Nikampa aione mwenyewe."

Uchungu wa blokcheni ni kwamba mwizi haondoki bila kuonekana. Pesa zilionekana, zote, senti kwa senti, zimekaa katika pochi nyingine isiyo na jina. Kioko alizitazama kila asubuhi kwa siku sita, kama mtu anayemwona ng'ombe wake katika zizi la jirani na hajui mlango wa zizi uko wapi. Siku ya saba zikagawanyika katika pochi nyingine nyingi, naye akashindwa kuzifuata.

Alikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyempokea aliandika kwa utaratibu hadi alipofika mahali pa kutaja benki na tawi.

"Nikamwambia haina tawi. Akaniuliza, 'Sasa nimkamate nani, mzee?' Hakunidharau. Aliuliza kweli."

Yaliyofuata ndiyo anayoyasimulia kwa shida. Kwa wiki tatu, kikundi kilimtazama yeye. Wanawake waliokuwa wakimwachia mikoba yao wakienda kusali au kununua chai sasa walikwenda nayo. Akija, mazungumzo yalikatika.

Tinga ndiye aliyesema waziwazi, katika kikao, wote wakisikia. "Mtu mmoja ana ufunguo. Mtu huyo anasafiri, anarudi, hazina ni tupu. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini hesabu hiyo naiweza."

Kioko alisimama akasema yuko tayari kula kiapo cha kithitu, kile ambacho kwa Wakamba mwongo hatoki nacho salama. Dama Kaviha alimzuia.

"Keti, Baba Faith," alimwambia. "Sisi ni watu wa kanisa. Ukila kiapo hicho leo, kesho nikiumwa na kichwa watasema ni wewe."

Baadhi yao walicheka. Yeye hakucheka. Jioni ile, anakiri, alimaliza njia nzima ya Mikindani bila kukumbuka alipita wapi.

Aliyeufungua mkasa ni Lynnette, mwalimu wa chuo kidogo cha kompyuta huko Bamburi, ambaye aliwahi kumfundisha Faith. Faith alimwomba aje awasaidie kujua pesa zilipitia wapi. Lynnette alifika siku ya Jumamosi, akawakuta wanachama wote wamekaa kwenye magogo. Hakuulizia simu kwanza. Aliuliza maneno yalihifadhiwa wapi.

Kioko alisita. Ilikuwa siri aliyoichukua miezi kumi na saba. Kisha alinyanyuka, akakipindua kigoda mbele ya watu, akamkabidhi.

Lynnette alikitazama kwa muda mrefu. "Faith," akasema polepole, "hiki si kile nilichokiona kwenye ukurasa wenu?"

Faith aliweka kiganja mdomoni.

Mwalimu aliifungua picha ya sita, akaikuza kwa vidole viwili. Herufi zilikuwa safi mno. Mchongaji mzuri hachongi herufi mbovu hata mahali pasipoonekana. Akawaeleza kwamba wezi wa aina hii hawakai wakitazama picha kwa macho. Huandika programu zinazopekua mamilioni ya picha usiku na mchana, zikitafuta maneno kumi na mawili yaliyopangwa pamoja. "Mwizi huenda hajui hata Changamwe iko nchi gani," aliwaambia. "Programu ilimletea ufunguo, akafungua."

Halafu mtu mmoja akaanza kusema, "Kumbe ni huyu msichana..." Hakumaliza.

"Patasi ni yangu," Kioko alisema. "Kamera haikuchonga kitu."

Hayo tu ndiyo aliyosema siku ile. Dama Kaviha anasema hajasikia mtu akijishtaki kwa maneno machache kama hayo.

Kujua ukweli hakukurudisha hata shilingi moja. Wanachama watatu walijitoa. Mmoja sasa anabeba mifuko katika kiwanda cha saruji, wawili wamerudi bara. Desemba ilifika na kupita. Mwenye malori mmoja amekwisha kumwendea Bi. Mwanarehema na bei kamili mkononi. Anataka kiwanja kiwe maegesho.

"Mimi si mwenye roho mbaya, wallahi," anasema mjane huyo. "Kioko huniamkia kila asubuhi, shikamoo yake haijapungua. Lakini wanangu nao wana haki yao. Nimewaongezea muda hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo sitaweza kuwaambia tena wangoje."

Akiba mpya ya kikundi, hadi mwisho wa mwezi uliopita, ilikuwa shilingi laki tatu na elfu kumi. Wachongaji wamebaki kumi na mmoja.

Bado wanapokea dola za kidijitali, kwa sababu wateja wao hulipa kwa njia hiyo. Lakini chini ya maelekezo ya Lynnette, pochi mpya haina mwenye ufunguo mmoja. Ina washika ufunguo watatu, kila mmoja na maneno yake, na pesa haziwezi kutoka mpaka wawili kati yao wakubali. Kila mmoja aliyagonga maneno yake mwenyewe, kwa herufi za chuma na nyundo, juu ya kipande cha bati, akaenda kukificha mahali asipopajua mwenziwe. Yeyote aliyeyaona maneno ya mwingine anatakiwa kusema siku hiyohiyo, ili pochi ibadilishwe kabla ya jua kuchwa.

Washika ufunguo ni Dama Kaviha, mama mmoja anayepaka vinyago nta, na Tinga.

"Tangu nipewe kile kibati, usingizi wangu umekuwa wa kuku," anasema Tinga, akikwepa kumtazama Kioko aliye hatua chache tu kutoka alipo. "Panya akikwaruza darini, nimeamka. Sasa ndiyo najua mzee alikuwa amekalia nini." Anapoulizwa kwa nini basi haachi kumtania, anapandisha mabega. "Nikinyamaza atadhani nimemchukia."

Kioko aliombwa awe mmoja wa hao watatu. Alikataa. Siku kigoda kilipogunduliwa alichukua randa ili ayafute maneno yale, na Dama Kaviha akamnyang'anya. "Kiache kisomwe," alimwambia. Ndiyo sababu kigoda kiko mlangoni. Kila mchongaji mpya husimamishwa chini yake, akasomeshwa neno kwa neno, na anayesimulia kisa ni Kioko mwenyewe, kwa utaratibu uleule, bila kujipunguzia.

Faith naye alipata kidonda chake. Hakuacha kupiga picha, lakini tangu Septemba amekuwa akipiga tano. Ya sita mkono wake haukuwa ukiiweza. Wateja walianza kuandika: na chini je? Kuna nini chini? Oda zilipungua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumlazimisha. Nyumbani baba na binti walikula meza moja wakizungumza habari za mvua.

Mwezi huu yule mteja wa Polandi amerudi. Anataka vigoda sitini vya miguu mitatu, vya mfano wa kile alichokiona, na amesema malipo yatatoka baada ya kuona picha za kigoda cha kwanza, pande zote. Oda hiyo ina thamani ya shilingi laki nne na elfu themanini. Kioko amepiga hesabu: wakimaliza katikati ya Mei, na kila mwanachama akiacha sehemu yake yote, watamfikishia Bi. Mwanarehema zaidi ya nusu ya alichoomba.

"Nitakwenda kwake mimi mwenyewe," anasema. "Nitamwambia, mama, nusu hii hapa, na nusu nyingine iko katika mikono hii unayoiona. Akikataa, tutabeba tezo zetu. Lakini nataka akatae akiwa amenitazama machoni."

Anajua kwamba huenda akakataa. Analisema hilo pia, bila kubembeleza.

Karibu na saa nne, kigoda cha kwanza kati ya sitini kinatoka mikononi mwa Dama Kaviha kikiwa kimepigwa msasa. Faith anatandika kitambaa cheusi, anakiweka, anakizunguka na kamera. Mbele. Nyuma. Kushoto. Kulia. Juu. Kisha anashusha kamera, anasimama.

Kioko anainuka kutoka kwenye debe. Anakichukua kigoda, anakipindua, anakiweka juu ya kitambaa miguu ikiwa juu. Anapitisha kiganja katikati ya miguu mitatu, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo, kama anavyofanya kila asubuhi. Mbao ni laini. Haina ufa, haina rangi ya viatu, haina neno.

Anasogea pembeni ili kivuli chake kisiingie kwenye picha.

"Ya sita, mwanangu," anasema. "Piga."

Nyuma ya magogo, Tinga anaweka tezo chini, anasogea kutazama. Faith anainua kamera. Anakilenga kitako, anabonyeza.